Simbilisi Si Sungura Mdogo: Mwongozo kwa Anayetaka Kuwafuga Nyumbani

Simbilisi aliyetunzwa vizuri huishi miaka mitano hadi minane. Ukimsikia mtu akisema wake alikufa ghafla akiwa na mwaka mmoja, "na jana tu alikuwa mzima", basi kwa kawaida hakuwa mzima. Simbilisi ni mnyama wa kuwindwa, na maumbile yamemfundisha kuficha udhaifu, kwa kuwa anayeuonyesha ndiye anayekamatwa kwanza. Anaweza kuumwa siku tatu au nne akiwa amejikunyata kwenye kona yake, nawe ukadhani amepumzika tu.

Chanzo cha vifo vingi vya namna hii ni kumchukulia simbilisi kama sungura mdogo. Hupewa chakula cha sungura, huwekwa katika banda la sungura lenye sakafu ya waya, na akiugua hupewa dawa iliyobaki ya kuku. Mwili wake haukuumbwa hivyo. Hawezi kujitengenezea vitamini C, jambo ambalo sungura analiweza. Nyayo zake ni tupu, hazina manyoya ya kumkinga na waya. Joto la mchana mmoja wa Dar es Salaam au Mombasa linaweza kumuua. Na baadhi ya dawa tunazozijua kuwa za kuponya, kwake ni sumu. Mambo haya manne ndiyo nitakayoyakazia, mengine nitayapitia haraka.

Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, katika nchi kama Peru, Bolivia na Ekwado, ambako watu walianza kumfuga kwa kitoweo maelfu ya miaka iliyopita. Wahispania walimfikisha Ulaya katika karne ya 16. Kwetu, nyumba nyingi za Iringa, Njombe na Mbeya zimemzoea akizunguka jikoni, na huko Kivu Kusini, Kongo, familia nyingi humfuga kwa nyama na kwa fedha ndogondogo za nyumbani. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kukaa naye kama rafiki wa nyumbani, lakini mfugaji wa kitoweo naye atakuta ya kumfaa, maana mwili ni uleule.

Kabla hujamleta

Mara nyingi anayemwomba simbilisi ni mtoto. Mtoto wa darasa la pili anayeomba leo anaweza kuwa sekondari mnyama akiwa bado hai, na hamu ya mtoto haidumu muda wote huo. Kwa hiyo mwenye mnyama awe mtu mzima wa nyumba hiyo. Mtoto awe msaidizi. Kama hakuna mtu mzima aliye tayari kukata nyasi au kuzitafuta kila siku, hata siku ya mvua, afadhali kusubiri.

Jambo la pili ni idadi. Simbilisi huishi kwa kundi, na aliye peke yake hupooza: hachezi, hali vizuri, huogopa kila kishindo. Uswisi walilitilia maanani hili hata wakaliweka katika sheria yao ya ulinzi wa wanyama iliyoanza kutumika mwaka 2008, inayokataza kufuga simbilisi mmoja peke yake. Sungura hawezi kuchukua nafasi ya simbilisi wa pili. Teke la sungura huvunja mifupa, na pia huweza kubeba vimelea vya mapafu visivyomsumbua yeye lakini vinavyomuua simbilisi.

Chagua mojawapo ya hizi:

1. Majike wawili. Ndiyo njia rahisi kuliko zote, hasa kwa anayeanza.
2. Madume wawili waliokua pamoja. Huelewana, mradi wawe na nafasi kubwa na pasiwe na jike wa kunusia hapo karibu.
3. Dume na jike. Usichague hii ila kama umeshajua vitoto vitakwenda wapi. Nitaeleza mbele kwa nini.

Namna ya kumchagua

Usimchukue wa kwanza aliyekamatwa na muuzaji. Anayekamatwa kwa urahisi huenda ndiye mgonjwa.

1. Simama kando, tazama bila kugusa. Mzima hukimbia ukisogea, kisha hurudi kutafuna.
2. Tazama macho na pua. Yawe makavu na maangavu, bila ute wala ukoko.
3. Sikiliza pumzi. Ikikoroma au kufanya mlio kama wa kubofyabofya, mwache.
4. Geuza uone sehemu ya nyuma. Iwe kavu; uchafu ulioganda ni dalili ya kuhara.
5. Pekua manyoya. Mabaka yasiyo na nywele au magamba meupe ni ukurutu au choa, na choa humwambukiza mwanadamu, watoto kwanza.
6. Tazama nyayo. Zisiwe nyekundu, zilizovimba, wala zenye vidonda.
7. Hakikisha jinsia mwenyewe. Wauzaji wengi hukosea bila nia mbaya. Mlaze chali kiganjani: jike ana umbo kama herufi Y, dume ana nukta yenye kistari chini yake, na ukibonyeza taratibu juu kidogo ya hiyo nukta, uume hujitokeza.

Muulize muuzaji kama jike amekaa na dume. Ikiwa amekaa naye, mhesabu kuwa ana mimba mpaka ithibitike vinginevyo. Na kama tayari unao wengine nyumbani, mgeni akae chumba kingine wiki mbili hadi tatu kwanza, na umhudumie yeye mwisho.

Banda

Simbilisi hapandi, hukimbia. Kwa hiyo anachohitaji ni upana wa sakafu, na ghorofa hazimsaidii. Kwa wawili, fanya banda lisilopungua sentimita 120 kwa 60. Likiwa kubwa zaidi ni bora, hasa kwa madume. Fundi seremala wa mtaani atalitengeneza kwa mbao na vipande vya plaiwudi, nalo litadumu kuliko vizimba vidogo vya dukani ambavyo vingi havimtoshi hata mmoja.

Sakafu iwe ngumu na sawa. Waya wa chini, unaosifiwa kwa kuwa kinyesi hupita chenyewe, hukata nyayo. Vidonda huingia vijidudu, nyayo huvimba, na ugonjwa huo ukishafika mfupani ni vigumu sana kuponyeka. Wavu uwe pembeni na juu tu, wenye matundu ya sentimita moja, ili panya wasipite. Panya huiba chakula, huleta magonjwa na huweza kuua vitoto.

Tandika maranda ya mbao laini, yasiyo na vumbi, unene wa sentimita tano hivi, au nyasi kavu. Usichukue maranda ya mbao zilizopakwa dawa ya mchwa. Muulize fundi kwanza. Pumba za mpunga zina vumbi linaloingia katika mapafu.

Weka maficho mawili, moja kwa kila mnyama, kila moja liwe na milango miwili ili mnyonge asibanwe ndani na mbabe. Katoni iliyotobolewa inatosha, na ikilowa unaibadilisha.

Sasa mahali pa kuliweka. Jikoni kwenye kuni au mkaa si mahali pake, ingawa wazee wetu wengi waliwafugia huko: moshi huchosha mapafu ambayo tayari ni dhaifu. Usiliweke mbele ya spika ya redio, wala kibarazani panapopigwa na jua la alasiri. Sebule tulivu au chumba chenye madirisha mawili hufaa. Kama banda liko nje, liinue kwa miguu, na kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo juu yake. Hiyo ni kwa ajili ya siafu. Siafu wakiingia usiku katika banda lililofungwa, mnyama hana pa kukimbilia, na asubuhi unakuta mifupa. Paka, nyoka na nguchiro nao wakumbuke unapofunga kitasa.

Ondoa maranda yaliyolowa kila siku, na ubadilishe yote mara moja kwa wiki. Harufu kali ya mkojo inayokuchoma pua wewe ukiwa umesimama, yeye anaivuta akiwa amelala juu yake. Ukoko mweupe wa mkojo unaoganda sakafuni hutoka kwa siki.

Joto

Hapa ndipo sisi wa pwani tunapopaswa kuwa makini kuliko mfugaji wa Njombe. Simbilisi ni wa milima yenye baridi. Hatoi jasho, mwili wake ni wa mviringo na umefunikwa manyoya, hivyo joto likishaingia halina njia ya kutoka haraka. Hali inayomfaa ni nyuzi 18 hadi 24 za Selisiasi. Ikipita 28 anaanza kuhangaika, na kuanzia 30, hasa penye unyevunyevu, yuko hatarini. Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa hupita hapo karibu kila mchana.

Miezi hiyo fanya hivi:

1. Mlaze kwenye chumba cha chini chenye sakafu ya saruji au vigae, mbali na bati.
2. Kila asubuhi weka kipande cha kigae ndani ya banda. Atalala juu yake.
3. Gandisha chupa mbili za maji usiku. Saa tano asubuhi viringisha moja kwa kitambaa, uiweke kwenye kona ya banda. Saa nane badilisha.
4. Feni ipitishe hewa chumbani, isimpulize yeye moja kwa moja.
5. Umeme ukikatika, tumia chupa na funika upande wa banda kwa kanga iliyoloweshwa, ukiacha upande mwingine wazi hewa ipite.
6. Usimwache ndani ya gari, hata kwa dakika za kununua mkate.

> AKIZIDIWA NA JOTO
> Dalili: amejinyoosha chini na hataki kuinuka, anapumua haraka, mate yanamtoka, masikio ni mekundu na ya moto.
> Mhamishie kivulini. Lowesha masikio na nyayo kwa maji ya kawaida ya ubaridi. Mpepee. Kama ana fahamu, mdondoshee maji kidogo pembeni mwa mdomo. Usimtumbukize katika maji ya barafu; mshtuko wake unaweza kummaliza. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana amepata nafuu.

Kwa nyanda za juu shida ni kinyume chake. Baridi ya Juni na Julai anaivumilia, ila si upepo wa kupenya wala matandiko yaliyolowa. Ongeza nyasi kavu nyingi ajizike humo.

Chakula

Mwaka 1907 huko Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich walikuwa wakichunguza ugonjwa wa beriberi uliowasumbua mabaharia. Waliwalisha simbilisi nafaka na mkate tu, wakitarajia kuuona ugonjwa huo. Walichokiona ni kiseyeye. Walipowaongezea kabichi mbichi na vyakula vingine freshi, kiseyeye kilizuilika. Uchunguzi ule ulisaidia sana baadaye kufikia ugunduzi wa vitamini C. Mfugaji wa leo aufahamu kwa sababu moja: pumba na mahindi makavu, ambavyo wengi hudhani ni chakula kizima cha simbilisi, vinafanana sana na kile kilichowatia kiseyeye wanyama wa Holst.

Sababu ni kwamba mwili wa simbilisi, kama wetu, hauna kimeng'enya cha kutengeneza vitamini hiyo, wala hauihifadhi kwa muda mrefu. Akikosa, ndani ya wiki chache utaona anasita kutembea, viungo vimevimba, analia ukimshika, manyoya yamekuwa makavu, fizi zinavuja damu. Mtu humdhania amevunjika mguu.

Sababu ya pili ni meno. Ana meno 20, na yote huendelea kukua maisha yake yote, magego pia. Kinachoyasaga ni kutafuna nyasi ngumu kwa saa nyingi kila siku. Anayelishwa laini magego yake hurefuka, huweza kuufunga ulimi kama daraja, naye hufa kwa njaa mbele ya bakuli lililojaa. Sababu ya tatu ni utumbo. Unafanya kazi kwa bakteria wema wanaoishi kwa nyuzinyuzi, na lazima uwe unapitisha kitu muda wote.

Kwa hiyo mpangilio wa siku uwe hivi:

1. Nyasi, bila kipimo. Zisikosekane bandani usiku wala mchana. Ukoka, majani tembo machanga, nyasi za Rhodes, zote zinafaa, mbichi au zilizokaushwa. Hei anayouziwa ng'ombe ni nzuri kama haina ukungu. Usikate kando ya barabara kuu wala palipopuliziwa dawa ya magugu au panapopita mbwa.
2. Majani na mboga, kiganja kimoja kwa kila mnyama. Maganda mabichi ya mahindi ya kuchoma huyapenda mno, nayo muuza mahindi huyatupa. Majani ya mahindi machanga, kishona nguo, matembele, sukuma wiki, giligilani, vyote kwa zamu. Mchicha mpe mara chache, kwani una chumvi za oksalati zinazochangia mawe ya kibofu. Kabichi nyingi humjaza gesi.
3. Chanzo cha vitamini C, kila siku. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Jike mwenye mimba hata zaidi ya hapo. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, hoho la kijani karibu 80, chungwa karibu 50, karoti 6 hivi. Maana yake, kipande cha hoho cha upana wa vidole vitatu kwa siku kinatosha. Pera lina sukari, hivyo kipande kidogo mara mbili au tatu kwa wiki. Karoti, ambayo kila mtu humpa, haisaidii hapa.
4. Chakula cha mfuko, kama kipo, kijiko kimoja kikubwa. Cha sungura hakimtoshi kwa sababu hakikuongezwa vitamini C. Pumba ya mahindi iwe kidogo sana.
5. Maji safi, kila siku. Hunywa kama mililita 100 kwa kila kilo. Chupa ya kuning'iniza ni bora. Ukitumia bakuli, liwe la udongo na zito.

Mboga zioshwe vizuri, maana za sokoni mara nyingi zimepuliziwa dawa siku si nyingi zilizopita. Ukibadilisha chakula, badilisha polepole kwa siku saba hadi kumi. Na ukitumia kidonge cha vitamini C kisicho na madini mengine, cha miligramu 100 kwa mfano, robo yake ni dozi ya siku. Mpe mdomoni. Usikitie katika maji ya kunywa: vitamini huharibika kwa mwanga, na ladha humfanya aache kunywa.

Utamwona akila baadhi ya kinyesi chake, kile laini. Mwache. Anachukua humo vitamini na protini ambazo hakuzipata mzunguko wa kwanza.

> ASILE KABISA
> - Kisamvu kibichi (kina sumu ya sayanidi)
> - Parachichi na majani yake
> - Majani ya nyanya na ya viazi mviringo; viazi vilivyochipua au vyenye rangi ya kijani
> - Vitunguu vya aina zote
> - Utupa, mnyonyo, lantana na magugu usiyoyajua
> - Mahindi, karanga au pumba zenye ukungu: sumukuvu humuua hata kwa kiasi kidogo
> - Ugali, wali, mkate, biskuti, maziwa na nyama

Kumshika na kumsikiliza

Siku chache za kwanza usimshike. Kaa karibu na banda, ongea kwa sauti ya chini, mpe jani kwa mkono. Akishalifuata jani mwenyewe, anza kumbeba.

1. Mjie kwa mbele au ubavuni. Mkono unaoshuka kutoka juu, kwake ni mwewe.
2. Pitisha mkono mmoja chini ya kifua, wa pili ubebe makalio.
3. Mlete kifuani kwako mara moja, asining'inie.
4. Mtoto amshike akiwa ameketi sakafuni, si kwenye kiti wala kitandani. Simbilisi huruka bila kupima kimo, na akianguka kutoka mezani huvunja miguu au uti wa mgongo.
5. Wote wanawe mikono kwa sabuni baadaye.

Ni mnyama mwenye maneno mengi, na kumwelewa kutakupunguzia wasiwasi. Mlio mrefu wa kupanda ni wa kudai chakula. Baada ya muda atautoa kila akisikia mfuko wa plastiki au mlango wa friji. Mngurumo laini ukimpapasa ni raha. Kugonganisha meno ni onyo, mwache. Akirukaruka ghafla kwa miguu yote minne huku akijipindapinda, hajapata kifafa. Ni furaha, na hasa vitoto hufanya hivyo mara kwa mara.

Kuzaana

Nakuomba usome sehemu hii hata kama hukusudii kuzalisha.

Jike anaweza kushika mimba akiwa na wiki nne tu. Mimba huchukua siku 59 hadi 72, na saa chache baada ya kuzaa yuko tayari kupandwa tena. Dume akibaki naye bandani, jike hubeba mimba mfululizo mpaka mwili umwishe. Vitoto, mara nyingi viwili hadi vinne, huzaliwa na manyoya, macho wazi na meno, na huanza kutafuna nyasi siku ya kwanza au ya pili. Vya kiume vitenganishwe na mama na dada zao vikifika wiki tatu. Kuchelewa hapa ndiko kunakofanya wawili wawe ishirini.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Mifupa ya nyonga ya jike huunganishwa mbele kwa kiungo kinacholegea wakati wa kuzaa. Akizaa mara ya kwanza akiwa bado mchanga, kiungo hicho hubaki na uwezo wa kupanuka. Akipita miezi saba hivi bila kuzaa, hushikana, na vitoto, ambavyo ni vikubwa mno kwa mwili wake, havipiti. Bila upasuaji hufa yeye na vitoto. Kwa hiyo jike mtu mzima ambaye hajawahi kuzaa asipandishwe kamwe. Anayezalisha kwa makusudi apandishe kwa mara ya kwanza jike akiwa na miezi minne hivi, amtoe dume kabla ya siku ya kuzaa, na asimnenepeshe jike. Jike mnene anayeacha kula mwishoni mwa mimba anahitaji daktari siku hiyohiyo.

Akiugua

Anza kwa kumtafuta daktari wa mifugo sasa, kabla ya ugonjwa. Muulize wazi: umewahi kutibu simbilisi? Kwa walio karibu, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, ni mahali pa kuulizia.

Kisha andika hili mahali kila mtu wa nyumbani atakapoliona:

> DAWA ZINAZOMUUA
> Penisilini, ampisilini, amoksilini, klindamaisini, linkomaisini na eritromaisini. Sindano ya mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini, inayopatikana kirahisi kwenye maduka ya dawa za mifugo, ni hatari kwake mara mbili. Dawa hizi huua bakteria wema wa utumbo, wale wenye sumu wakachukua nafasi, naye huhara na kufa baada ya siku chache.

Zipo antibayotiki zinazomfaa zaidi, kama enrofloksasini au mchanganyiko wa salfa na trimetoprimu, lakini kipimo atoe daktari baada ya kumpima uzito. Vivyo hivyo aivamektini kwa ukurutu: ile ya ng'ombe ni kali kiasi kwamba kipimo cha mnyama wa kilo moja ni kama tone moja au pungufu. Usikisie.

Mpeleke siku hiyohiyo ukiona:

- hajala kwa saa 12, au kinyesi kimekatika;
- anahara maji;
- anapumua kwa shida, au pua na macho yanatoa ute;
- mkojo una damu, au analia akikojoa (mkojo mweupe wenye ukungu peke yake ni wa kawaida);
- ameinamisha kichwa upande mmoja au anazunguka;
- anajikuna mpaka anaanguka kwa degedege, ambayo huletwa na utitiri wa ngozi.

Wakati unasubiri usafiri, kama anaweza kumeza, saga nyasi kavu au chakula chake cha mfuko kwa maji ya vuguvugu, umlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogokidogo pembeni mwa mdomo. Utumbo ukisimama ndipo hatari inapoongezeka.

Kila Jumamosi

Chombo cha maana kuliko vyote hapa ni mizani ya jikoni. Uzito hushuka siku kadhaa kabla macho yako hayajaona kitu. Mtu mzima huwa na gramu 700 hadi 1,200. Andika wake kwenye daftari.

☐ Uzito. Ukipungua gramu 50, mchunguze kila siku. Ukipungua 100, daktari.
☐ Meno ya mbele: yamenyooka, hayajavunjika.
☐ Kidevu: hakijalowa mate.
☐ Nyayo: hazina wekundu.
☐ Kucha: zikianza kujikunja, kata ncha tu, mbali na mshipa wa damu.
☐ Manyoya na ngozi: hakuna chawa, mabaka wala uvimbe.
☐ Sehemu ya nyuma: kavu.
☐ Kinyesi: vipande vigumu kiasi, vinavyolingana ukubwa.

Ukisafiri

Simbilisi hawezi kuachiwa rundo la chakula ukaenda siku tatu. Jirani apite asubuhi na jioni, na umwachie karatasi yenye mambo manne: kiasi cha hoho, mahali nyasi zilipo, orodha ya vitu vya sumu, na namba ya daktari. Mwonyeshe kwa vitendo kabla hujaondoka.

Ukilazimika kwenda nao, kwa mfano mnapopanda kwenda nyumbani mwezi wa kumi na mbili, chukua basi la alfajiri. Waweke wote wawili katika kikapu au katoni ngumu yenye matundu na nyasi nyingi, pamoja na vipande vya tango badala ya bakuli la maji litakalomwagika. Kaa nao magotini au miguuni kwako. Usikubali wawekwe kwenye buti, hata kondakta akisisitiza kuwa kuna hewa. Mkifika, wapeni maji na nyasi, waacheni mahali penye giza kidogo bila kushikwa na kila mtoto wa ukoo, na kesho yake asubuhi muwapime uzito.